Mzigo Kabla ya Mzinga

Anayetoka mjini Naivasha kwa Barabara ya Moi South Lake hufika Kamere baada ya kuyapita mashamba ya maua moja baada ya jingine. Huku maisha ya wengi hutegemea vitu viwili, ua lililokatwa na samaki aliyevuliwa, na vyote viwili havina subira. Sanduku la waridi likilikosa gari la baridi kwa siku moja limekwisha kuwa taka, hata kama mkulima hakukosea lolote shambani. Ndiyo maana naamini kwamba mtu wa Kamere, aliye kama kilomita 500 kutoka Bahari ya Hindi na takriban mita 1,880 juu yake, anaweza kuielewa kazi ya ofisa wa ugavi wa wanamaji kuliko mwenyewe anavyodhani. Tena ofisa huyo hatoki mbali. Kadeti wa Jeshi la Wanamaji la Kenya, kabla hajapangiwa meli kule Mtongwe, hufunzwa uofisa pamoja na wenzake wa nchi kavu na wa anga katika chuo cha kijeshi kilichoko Lanet, hapa hapa Nakuru. Huanza kuwa ofisa mahali ambapo upepo wa chumvi haufiki. Kwangu mimi mpango huo una mantiki, kwa sababu nimeshawishika kwamba vita vya majini huamuliwa kwanza nchi kavu: boharini, relini, na juu ya vichwa vya wachukuzi. Mzinga huja baadaye kutangaza yaliyokwisha kuamuliwa. Na kumbukumbu za vita zinazoanza na mzinga hutufunza vibaya.

Ushahidi wangu mkubwa unatoka Ziwa Tanganyika, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1915 Wajerumani walilitawala ziwa lile kwa meli chache, na yeyote aliyelitawala aliweza kuvusha askari upande wowote apendao. Mwindaji mmoja aliyeijua nchi hiyo, John R. Lee, alikwenda London mwezi wa Aprili akawaeleza wakuu wa jeshi la majini la Uingereza kwamba meli hizo zingeweza kushindwa na mashua ndogo za injini, mradi zifikishwe ziwani. Neno zito hapo ni hilo la kufikishwa. Mashua mbili zenye urefu wa kama mita 12, zilizopewa majina ya Mimi na Toutou, zilipakiwa melini mwezi wa Juni zikashushwa Cape Town, zikawekwa juu ya mabehewa na kuvutwa kwa reli zaidi ya kilomita 3,500 hadi Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, kisha hadi Fungurume ambako reli ilikoma. Kutoka Fungurume hadi Sankisia palikuwa na kama kilomita 235 za msitu, makorongo na milima ya Mitumba. Humo mashua za bahari zilivutwa kwa trekta mbili za mvuke na kwa makumi ya maksai, juu ya njia iliyofyekwa na juu ya madaraja yaliyojengwa kwa magogo, zaidi ya mia moja. Zilipandishwa hadi kimo kinachokaribiana na cha Ziwa Naivasha, kisha zikateremshwa upande wa pili kwa kamba. Kazi hiyo ilianza mwanzo wa Agosti ikaisha tarehe 28 Septemba. Ukigawanya kilomita kwa siku, unapata mwendo usiofika kilomita 5 kutwa, ambao mtoto wa shule huutembea asubuhi na jioni.

Baada ya Sankisia kulikuwa na kipande kifupi cha reli, halafu Mto Lualaba, ambao wakati huo wa kiangazi ulikuwa umekauka kiasi cha mashua kukwama mchangani. Wakazifunga mapipa matupu ubavuni ili zielee juu zaidi. Reli nyingine ikazifikisha karibu na ziwa mwishoni mwa Oktoba. Zikashushwa majini siku mbili tatu kabla ya Krismasi. Tarehe 26 Desemba 1915 ikatokea meli ya Kijerumani iitwayo Kingani, yenye mzinga uliotazama mbele tu, na kwa dakika zipatazo 11 ikawa imepigwa, nahodha wake ameuawa, na bendera imeshushwa. Naomba msomaji aziweke pamoja hesabu hizi mbili, maana hoja yangu imesimama juu yake: zaidi ya miezi sita ya kubeba, na dakika 11 za kupiga. Anayesimulia dakika 11 akaipa miezi sita aya moja amewaficha wasomaji wake vita vyenyewe.

Hapo mtu anayejua mambo ya jeshi atanipinga, na ana haki. Atasema kwamba mzigo peke yake haujawahi kuzamisha chombo. Mashua zingeweza kufika salama zikaendeshwa na waoga, au na watu wasiojua kulenga shabaha, na safari yote ingekuwa bure. Nakubali. Ujasiri una mahali pake, na shabaha pia. Lakini tuangalie ni nani aliyechagua masharti ya pambano lile. Mimi na Toutou zilikuwa na mbio kuliko adui, ziliweza kumzunguka Kingani kwa nyuma ambako mzinga wake haukufika, na zilimshtua kwa sababu Wajerumani hawakuamini kwamba chombo cha vita kingeweza kutokea msituni. Mbio hizo, ushtukizi huo na petroli iliyokuwamo kwenye matangi vyote vilikuja kwa njia ya Mitumba. Mpiganaji alikuta karata zimekwisha kugawanywa. Kuzicheza vizuri ni sifa yake. Kuzigawa kulikuwa kazi ya mwingine, na mwingine huyo kwa kawaida hapewi nishani.

Upande wa adui unathibitisha jambo lile lile kwa uchungu zaidi. Meli kubwa ya Wajerumani ziwani ilikuwa Goetzen, yenye urefu wa kama mita 70. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika maelfu ya makasha hadi Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma, na huko mhandisi Anton Rüter na wenzake wawili, wakisaidiwa na mafundi na vibarua wa Kiafrika na wa Kihindi, wakaiunganisha upya na kuishusha majini mwezi wa Februari 1915. Kwa ukubwa hakuna chombo ziwani kilichoweza kusimama mbele yake, na kamanda wa Mimi na Toutou, Geoffrey Spicer-Simson, hakuthubutu kupambana nayo. Basi nani aliishinda Goetzen? Hakuna mzinga ulioizamisha. Jeshi la Ubelgiji lilikuwa likisonga nchi kavu kuelekea reli ya kati, na reli ikishakatika, meli ile haina vipuri, haina kazi. Hata mzinga wake mkubwa ulikuwa umekwisha kutolewa upelekwe kwa majeshi ya nchi kavu. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma. Kabla ya hapo Rüter na wenzake walizipaka mashine zake grisi nzito ili maji yasizile. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ikaendelea kuvusha watu na mahindi na dagaa kwa miongo mingi. Kila nikiifikiria grisi ile naona akili ya mtu wa ugavi ilivyo: hata siku ya kushindwa anahesabu kitakachohitajika kesho, na haulizi kitamfaa nani.

Mwambao nao una shahidi wake. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Vitabu vingi husema ilishindwa tarehe 11 Julai 1915, siku ilipopigwa na vyombo viwili vya kina kifupi, Severn na Mersey. Mimi nasema ilikuwa imeshindwa miezi mingi kabla. Kapteni wake, Max Looff, aliingia Rufiji kwa sababu mashine zilihitaji matengenezo na makaa ya mawe yalikuwa haba, na hakukuwa na bandari ya kirafiki ya kumpa. Vipande vya mashine vilivutwa nchi kavu na mamia ya wachukuzi hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa. Ujerumani ilituma meli ya shehena iliyobadilishwa jina ikaitwa Kronborg, yenye makaa na risasi. Ilifika Ghuba ya Mansa, kaskazini ya Tanga, mwezi wa Aprili 1915, ikafukuzwa na manowari Hyacinth hadi ikakwama na kuungua. Wajerumani waliopoa risasi nyingi na bunduki, vitu vya vita vya nchi kavu. Lakini Königsberg haikupata ilichokihitaji ili itoke. Tangu siku hiyo ilikuwa boma lililosimama kwenye tope. Mizinga yake kumi ikaopolewa, ikawekewa magurudumu, na wanamaji wake wakawa askari wa miguu. Mmoja wa mizinga hiyo umewekwa Ngome ya Yesu, Mombasa, na watalii hupigia picha pale. Sijui ni wangapi kati yao wanaojiuliza mzinga wa meli ulitembeaje kutoka Rufiji.

Ninapozisoma kumbukumbu zilizoachwa na watu wa vita hivyo, naona tofauti moja inayoipa hoja yangu nguvu. Paul von Lettow-Vorbeck, jenerali wa Wajerumani, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1920, na ndani yake mna chumvi, mafuta ya kupikia, ngozi ya viatu, nguo zilizofumwa kienyeji na kwinini iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Huyu ni mtu aliyedumu zaidi ya miaka minne bila bandari ya kutegemea, na anajua ni nini kilichomweka hai. Frank Magee, aliyekuwa katika msafara wa Mimi na Toutou, aliandika mwaka 1922 katika jarida la National Geographic, na kichwa cha makala yake chenyewe kinahusu kusafirisha jeshi la majini kupitia misitu ya Afrika. Kwake habari ni safari. Lakini masimulizi mengi yaliyofuata yalimtazama kamanda, majigambo yake na mavazi yake, kwa kuwa mtu wa ajabu ni rahisi kusimulia kuliko daraja la magogo. Lee, mwenye wazo na mpima njia, aligombana na kamanda akaondolewa kabla msafara haujafika ziwani. Jina lake likabaki pembeni ya habari aliyoianzisha.

Najua pia pingamizi la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko lile la kwanza. Mtu atauliza: unawasifu watu wa ugavi wa vita vya wakoloni, na ugavi huo ulikuwa nini kama si mgongo wa Mwafrika? Juu ya Mitumba trekta za mvuke zilikunywa maji kuliko njia ilivyoweza kutoa, na wanawake wa vijiji vya karibu waliyabeba vichwani kutoka mbali ili moto usizimike. Huku kwetu Afrika Mashariki ya Waingereza, kikosi cha wachukuzi kilichoundwa mwaka 1914 kilikusanya watu kwa malaki, wengi wao kwa nguvu, hasa katika msako mkubwa wa mwaka 1917. Makumi ya maelfu hawakurudi. Waliuawa zaidi na kuhara, homa na njaa kuliko risasi. Mitaa ya Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam imebeba jina la kikosi hicho. Kwa hiyo pingamizi ni la kweli, wala silikwepi. Ila naona linaiunga mkono hoja yangu. Aliyewafuta wachukuzi ni yule anayeanza kusimulia na mzinga. Ukianza na mzigo, hatua ya pili ni lazima uulize umebebwa na nani, amekula nini, amelala wapi. Hesabu ya ugavi iliyofanywa kwa uaminifu haiwezi kumkwepa mtu.

Na si kwamba hesabu ya namna hiyo haikuwezekana wakati ule. Oscar Watkins, ofisa aliyekiongoza kikosi cha wachukuzi, alikuwa mtu wa serikali ya kikoloni, na kazi yake ilikuwa kuwapatia majeshi watu wa kubeba. Sitaki kumgeuza mtakatifu. Lakini alipigania chakula bora, kwa sababu aliona kwamba unga usioiva ulikuwa unaua tumbo la mchukuzi kabla adui hajamwona, na baada ya vita aliendelea kudai mishahara ya waliokufa ilipwe. Serikali haikumsikiliza. Ninachokiona kwake ni kwamba ofisa anayehesabu magunia kwa makini huishia kuwahesabu watu, na akishawahesabu hawezi tena kusema hakujua. Ofisa anayehesabu mizinga tu ana nafasi ya kujidanganya maisha yake yote.

Bonde letu la Ufa liliingia katika hesabu hizi kwa uwazi zaidi katika Vita vya Pili. Ndege za Japani zilipoishambulia Colombo tarehe 5 Aprili 1942, kundi la manowari za Uingereza lililoongozwa na Admirali James Somerville lilirudi nyuma hadi Kilindini. Ghafla Mombasa ikawa kituo cha manowari kubwa zenye maelfu ya mabaharia, na baharia hali chuma. Reli iliyokuwa ikiteremsha kahawa ikateremsha vyakula vya jeshi. Ngano, mahindi, nyama na siagi ya nyanda za juu vilikuwa na mnunuzi asiyekataa. Karatina na Kerugoya vikajengwa viwanda vya kukausha mboga kwa ajili ya majeshi, ili kabichi iweze kusafiri bila kuoza. Japani ilipoingia vitani dunia ilikosa pareto yake, na maua meupe ya Molo na nyanda za Nakuru yakawa mali ya vita, dawa ya kuua mbu na chawa. Wafungwa wa Kiitaliano walichonga barabara ya kushuka ukingo wa Bonde la Ufa, na kanisa dogo walilolijenga Mai Mahiu lingali kando ya njia. Ni kweli kwamba faida ilikwenda kwa masetla, na mkulima Mwafrika wa mboga alijikuta bila kiwanda vita vilipokwisha. Lakini hakuna ramani ya vita vya Bahari ya Hindi iliyo kamili ikiwa imekomea gatini Kilindini. Ramani ya kweli inapanda mlima.

Wapo watakaoniambia kwamba hayo ni ya zamani, kwamba siku hizi meli ina rada na makombora, na ndege hufika popote kwa saa chache. Nawaomba waitazame tarehe 28 Septemba 2012, majeshi ya Kenya yalipotua ufuoni karibu na Kismayu kutoka baharini. Ufuo hauna gati wala kreni. Askari anayeshuka pale anahitaji maji ya kunywa siku hiyo hiyo, chini ya jua la Somalia, na mafuta ya magari, na risasi za kesho, na njia ya kumrudisha aliyejeruhiwa. Rada haileti hata moja. Chombo kikiwa cha kisasa zaidi, ndivyo kipuri chake kinavyozidi kuwa kigumu kupatikana, maana hakuna fundi wa kijijini awezaye kukichonga. Na tangu mwisho wa mwaka 2023, meli zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu na nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, vita vya majini vimefika hadi hapa Kamere bila mlio. Kontena la maua linaloondoka Naivasha kwenda Ulaya kwa njia ya Mombasa limeongezewa siku nyingi baharini, na ua halijifunzi kuishi zaidi kwa sababu njia imerefushwa. Mwanamke anayepanga mashina katika banda la kufungia maua ameguswa na vita hivyo, ingawa hajawahi kuiona manowari.

Kama ningeulizwa somo la kwanza la kadeti wa wanamaji pale Lanet liwe lipi, ningeiacha historia ya mapambano mashuhuri ije mwaka wa pili. Ningetandika mezani ramani ya Fungurume hadi Sankisia, nikawapa uzito wa mashua, idadi ya maksai, na tarehe ambayo mvua zitaanza, maana mvua zikiwahi, barabara ya udongo imekwisha. Wakishapanga madaraja na malisho, ningewaongezea swali ambalo msafara wa mwaka 1915 ulilijibu bila kuliandika. Trekta mbili zimesimama mlimani, matangi yamekauka, kijito kiko mbali. Nani atayaleta maji, atapewa nini kwa kazi hiyo, na jina lake litaandikwa katika daftari lipi?